Hedifoni ya waya ya bei nafuu: namna ya kuipima kabla hela haijatoka mfukoni

Wadau, hapa naongelea zile hedifoni kubwa zinazofunika sikio lote, zenye waya, za bei ya mtu wa kawaida, tuseme kuanzia elfu 25 mpaka laki moja na kidogo ya Kitanzania. Za kusikilizia muziki kwenye daladala, kuingia kikao cha Zoom, kuangalia muvi usiku bila kuamsha nyumba nzima. Za studio za mamilioni sizigusi, za bluetooth nazo zina mambo yake.

Watu wengi wakifika dukani swali ni moja tu, "besi ipo?", muuzaji anaweka singeli volyumu ya mwisho, besi inagonga, jamaa anatabasamu, hela inatoka. Mi naona hapo tumeanzia mwisho. Kiukweli sauti ya hizi za bei nafuu siku hizi nyingi zinaridhisha, zinazofanya vibaya kabisa ni chache na utazijua ndani ya dakika moja. Kinachofanya hedifoni itupwe kwenye droo baada ya miezi mitatu ni masikio kuuma, waya kukatika pale kwenye pini na sponji kubanduka. So tunaanza na simu yako, tunaenda kichwani, tunafuata waya, muziki unakuja baadae, na ikifeli huku mwanzoni hata usijisumbue kuweka wimbo, irudishe kwenye boksi upewe nyingine.

Unaichomeka wapi?

Angalia simu yako kama ina lile tundu la mviringo la milimita 3.5. Tecno, Infinix, Itel na Redmi nyingi za bei ya chini bado wanaliweka, ila kwa iPhone liliondoka na iPhone 7 mwaka 2016, na Samsung za familia ya S hazina tangu S20 ya mwaka 2020. Kama huna tundu utahitaji adapta, na hapa watu wanapigwa kweli maana adapta za Type-C ziko aina mbili ambazo kwa macho zinafanana kabisa. Kuna ambayo ndani ni nyaya tu, inategemea simu yenyewe itoe sauti ya analogi kupitia Type-C, na kuna yenye kachipu kake ka kugeuza sauti ya kidijitali, kale wanakoita DAC. Ile ya nyaya tu kwenye simu nyingi haitoi kitu. Mwambie muuzaji unataka yenye DAC, afu iwe ya kujaribiwa kwenye simu YAKO, sio ya kwake. Ile ndogo nyeupe ya Apple ya Type-C ni nzuri ikiwa kwenye iPhone au Mac, ila kwenye Android nyingi volyumu inatoka chini, usije ukailaumu hedifoni bure.

Sasa tazama pini ya hedifoni yenyewe. Ina vipete, mara nyingi vyeusi. Vipete viwili maana yake ni sauti tu, kushoto na kulia. Vitatu maana yake kuna na maiki. Ya vipete vitatu inaingia kwenye simu moja kwa moja, inaingia kwenye laptop za sasa zenye tundu moja, lakini kwenye kompyuta ya mezani yenye matundu mawili, la kijani na la pinki, maiki haitafanya kazi mpaka uwe na splita, kile kiwaya kinachogawa pini moja kuwa mbili.

Kuna ugonjwa mmoja unafanya watu warudishe hedifoni nzima. Unachomeka, ala unazisikia zinaelea kwa mbali, sauti ya muimbaji imepotea au iko kama kwenye pipa. Ukibonyeza kitufe cha kupokelea simu ukakishikilia, ghafla kila kitu kinakaa sawa. Hiyo ni pini na simu hazielewani: pini za vipete vitatu zina mpangilio wa aina mbili, CTIA ambao simu za sasa karibu zote wanautumia, na OMTP wa zamani, tofauti yake ni nafasi ya maiki na nafasi ya ethi zimepishana. Ila kabla hujafika huko, toa kava la simu kwanza, maana kava nene linazuia pini isifike mwisho na dalili inakuwa hiyohiyo. Isukume mpaka usikie imekaa, ndo useme.

Maandishi ya kwenye boksi, yapi ya kusoma

Mengi ni mapambo. Ohm ndo ya kusoma kwanza, hiyo inakupa picha ya jinsi simu itakavyohangaika kuisukuma. Kati ya 16 na 64 simu inaimudu. Audio-Technica ATH-M20x ni ohm 47, Sony MDR-7506 ni 63, na zote watu wanazitumia kwenye simu na laptop. Ukikutana na hedifoni ya ohm 250, kama lile toleo moja la Beyerdynamic DT 770 Pro, hata kama umepewa bei ya kutupa, jua kwamba bila amplifaya utapandisha volyumu mpaka mwisho na bado utatamani iongezeke.

Pembeni ya ohm kuna dB, huo ni unyeti, yaani kwa nguvu ileile itapiga kelele kiasi gani. Kubwa zaidi ndo yenye kelele zaidi, ila wengine wanapima kwa milliwati wengine kwa volti, kwa hiyo ukilinganisha hedifoni mbili hakikisha wametumia kipimo kimoja, la sivyo unalinganisha kilo na lita.

Halafu ile "20–20,000 Hz", yaani mitetemo ya sauti kwa sekunde. Huo ni upeo wa sikio la binadamu mwenye masikio mazima na bado kijana, na kila boksi limeandikwa hivyo, hata la elfu tano. Haikuambii chochote kwa sababu haisemi hizo besi za chini zinatoka kwa nguvu kiasi gani. Wengine wanaenda mpaka 40,000 na nembo ya dhahabu ya Hi-Res pembeni. Nembo hiyo ni ya Japan Audio Society na inataka kifaa kifike 40,000 Hz, mara mbili ya pale sikio lako linapoishia. Isikuongezee bei kichwani.

Spika ya milimita 50 dhidi ya 40, hapa ndo wauzaji wanapopenda kupiga stori. Ukubwa peke yake hausemi kitu. Hiyo MDR-7506 ina spika ya milimita 40 na iko studio na kwenye vituo vya redio duniani tangu 1991. Na ukiona boksi la hedifoni ya waya limeandikwa inafuta kelele, noizi kanselingi, angalia kama kuna mahali pa betri au pa kuchaji. Hakuna? Basi hakuna cha kufuta kelele, maana kazi hiyo inahitaji maiki na umeme. Labda wanamaanisha sponji inaziba sikio, au ni maiki tu ya kuongelea ndo inachuja. Na "7.1" kwenye hedifoni ya pini ya 3.5 pia iache ilivyo, pini hiyo inabeba kushoto na kulia tu.

Kichwani sasa, na usiwe na haraka

Hapa ndo pa kukaa muda mrefu, na ndo watu wanapakimbia. Ivae bila kuweka muziki wowote.

Cha kwanza, sikio lako linaingia lote ndani ya sponji au linakanyagwa? Nyingi za bei ya chini zinauzwa kwa jina la kufunika sikio kumbe zinakaa juu ya sikio. Sony MDR-ZX110 kwa mfano ni ndogo, nyepesi, bei poa, ila ni ya kukaa juu ya sikio, kwa saa nzima sio kila mtu anavumilia. Kama sikio limeingia, sikiliza ngozi yako: ile sehemu ya nje ya sikio inagusa kile kitambaa chembamba kilichofunika spika? Ikigusa sasa hivi hata kidogo tu, baada ya dakika arobaini itakuwa inachoma. Hiki kipimo cha kina cha sponji hakiandikwi kwenye boksi na ndo kinachoua raha kuliko kitu chochote.

Cha pili, mbano. Inamisha kichwa utazame viatu vyako, kisha tikisa kama unakataa. Ikiteleza, imelegea, na ikilegea besi inavuja. Ikibana mpaka unahisi taya, hiyo nayo ni kasoro. Mbano kidogo unaweza kuutibu nyumbani, unaitandika juu ya boksi lake lenye upana unaozidi kichwa chako kidogo inalala hapo usiku mbili tatu, ila fanya hivyo kama upinde, ule mkanda unaopita juu ya kichwa, una bati ndani. Upinde wa plastiki tupu unapasuka. Vuta zile sehemu za kurefusha uone: bati likionekana ndani ni dalili nzuri, zikivutika kwa kulegalega bila kushika hatua, ukitembea kikombe kimoja, ile sehemu inayokaa sikioni, kitakuwa kinashuka chenyewe.

Cha tatu ndo sisi wa huku kinatuhusu zaidi na haya mambo kwenye video za Wazungu huyakuti. Ukivaa hijabu, kilemba, ukiwa na rasta au umesuka, sponji haishiki ngozi, kuna mwanya, na kwenye mwanya ndo besi inapovujia. Miwani hivyohivyo, ule mkono wa miwani unanyanyua sponji nyuma ya sikio. Kwa hiyo nenda dukani ukiwa kama unavyokuwa siku zote. Usijaribu bila miwani halafu uje ulalamike nyumbani kwamba sauti imebadilika. Kuipima ni rahisi: weka wimbo wenye besi, sikiliza, halafu bonyeza vikombe viwili kwa viganja taratibu kuelekea kichwani. Besi ikiongezeka kidogo ni kawaida. Ikiruka ghafla kama umewasha spika nyingine, basi hedifoni hiyo haikukai, na hakuna ikwalaiza (ile mipangilio ya simu ya kupandisha na kushusha besi) itakayorekebisha mwanya. Wenye miwani na wanaojifunga hijabu tafuteni sponji nene laini inayobonyea, ile ngumu iliyojazwa kidogo achaneni nayo, na kama hijabu ni kitambaa chepesi kisicho na mikunjo mingi kwenye sikio hasara inakuwa ndogo tu.

Na joto. Dar mwezi wa pili, saa nane mchana, ngozi bandia juu ya masikio, jasho linaingia na kubaki humo. Ngozi hii ya plastiki inaziba vizuri, besi inakuwa nzito, kelele za nje zinapungua, ila jasho na mafuta ya nywele ndo maadui zake na itaanza kumenyeka vipande vyeusi vinabaki shingoni. Sponji ya kitambaa au velveti inapumua zaidi, inadumu zaidi, ila inaziba kidogo, besi inapungua, nje wanasikia zaidi. Kama unatumia ofisini kwenye kiyoyozi chukua ngozi, kama unatumia chumbani kwenye feni na unakaa nayo saa nyingi mi ningechukua kitambaa bila kufikiria mara mbili. Muhimu kuliko vyote ni je, sponji inatoka? Vuta taratibu pembeni uone kama imeshikwa na kingo ya plastiki inayozunguka au imegundishwa kwa gundi. Inayotoka utabadilisha kwa hela ndogo. Iliyogundishwa ikimenyeka ndo mwisho wa hedifoni.

Dukani vaa walau dakika kumi. Muuzaji akikuangalia vibaya piga nae stori.

Waya

Chomeka, weka kitu cha maongezi tu, hata taarifa ya habari, volyumu ndogo. Sasa shika waya pale unapoingia kwenye pini, ukunje taratibu huku na huku ukizungusha pini ndani ya tundu. Fanya hivyohivyo pale waya unapoingia kwenye kikombe, na kama kuna kile kigurudumu cha volyumu katikati ya waya, kizungushe kutoka mwanzo mpaka mwisho. Unasikilizia mikwaruzo, sauti kukata upande mmoja, au upande mmoja kuwahi kunyamaza ukiwa unapunguza. Hivyo vigurudumu kwa uzoefu wangu ndo kifaa dhaifu kuliko vyote, kama kuna modeli mbili sawa na moja haina kigurudumu, chukua isiyo nacho, simu yako ina vitufe vya volyumu tayari.

Pale waya unapoingia kwenye pini kuwe na mpira wenye mikato unaopinda pamoja na waya. Ukikuta waya umeingia tu kwenye plastiki ngumu bila mpira wowote, hapo ndo utakapokatikia. Pini iliyopinda kama herufi L ni nzuri kwa simu ya mfukoni, iliyonyooka ni nzuri kwa laptop, ingawa hiyo ni tabia zaidi kuliko sheria.

Urefu nao. Kwa kutembea, mita 1.2 inatosha. ATH-M20x na Sennheiser HD 206 zina waya wa mita 3, mezani ni raha, kwenye mwendokasi ni balaa, unaufunga funga mpaka mfuko unajaa na siku moja mtu anaukanyaga. Ule waya wa kujikunja kama wa simu ya mezani ya zamani ni mzito unavuta kikombe chini ukitembea. Waya unaoingia upande mmoja tu haukusumbui shingoni kama ule wa pande mbili. Na ukipata inayochomoka kwenye kikombe, hiyo umeula, maana waya ukifa unanunua waya. Ila tazama tundu la kwenye kikombe: kama ni la 3.5 la kawaida utapata waya popote, kama ni dogo la 2.5 au lina kifunguo chake cha kuzungusha, waya wake utautafuta sana.

Papasa waya kwa kucha au usugue na shati wakati hakuna muziki. Ule mlio wa kukwaruza unaosikia ndani ya masikio ndo utakaousikia ukitembea kila siku. Kidogo sio mbaya, ukiwa mkubwa utakukera kwenye podikasti na mawaidha, sehemu zile zenye ukimya.

Ikitokea waya umekatika kwenye pini usitupe hedifoni nzima, pini mpya na mkono wa fundi ni hela ndogo. Mara nyingi ndani utakuta nyuzi nyekundu ya kulia, ya kijani au bluu ya kushoto, na ya shaba ya ethi, na zote zimepakwa vanishi ya kuzitenganisha. Fundi asiyejua hilo atazilehemu juujuu na hazitashika, lazima vanishi iungue kwanza kwa moto wa kulehemu. Muulize kabla hajaanza.

Haya sasa, sauti

Kabla ya wimbo wowote, ingia kwenye mipangilio ya simu uzime ikwalaiza, Dolby, DTS na vikorokoro vyote vya kuongeza besi. Infinix na Tecno huwa wanaviwasha wao wenyewe. Tumia wimbo uliopakuliwa kwa ubora mzuri, sio ule uliotumwa WhatsApp ukatumwa tena ukatumwa tena. Na kama unalinganisha hedifoni mbili, zisawazishe volyumu kwa sikio, maana yenye kelele zaidi siku zote inaonekana nzuri zaidi hata kama sio, hii janja wauzaji wanaijua vizuri.

Anza na sauti ya mtu anaongea. Mtangazaji wa kiume mwenye sauti nzito anayesoma habari. Kiswahili kina S, SH na Z nyingi mno, "shirikisho la soka", "siasa za sasa", kwa hiyo mtangazaji ni kipimo kizuri kuliko wimbo. S zikikuchoma kama sindano, trebo, yaani zile sauti nyembamba za juu, imezidi, kwa dakika mbili utaiita "kali na safi", kwa saa mbili kichwa kitauma. Superlux HD681 inajulikana kwa hilo, wengi wanaipenda kwa bei yake na wengi wanaishusha trebo kwa ikwalaiza. Kinyume chake, mtangazaji akisikika kama kafunikwa blanketi na kifua kinavuma, besi imemeza sauti za kati, na ujue kwenye vikao utakuwa unauliza "umesemaje?" kila saa.

Baada ya hapo singeli, ila usisikilize kama besi ni kubwa. Singeli inakimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika, kwa hiyo sikiliza kama kila pigo linaanza na kuisha peke yake. Hedifoni yenye besi nzito ya ovyo inayaunganisha yote yanakuwa mngurumo mmoja mrefu. Kisha taarab asilia ya Unguja, yenye kanuni, fidla na udi. Nyuzi za kanuni zinatakiwa zimetemete na uweze kuzifuata hata fidla zote zikiingia, zikigeuka mchakacho hapo juu hakuna kitu. Rumba ya Kongo ikifika kwenye sebene kuna gita la solo, la mi-solo na la ridhimu yanapishana, jaribu kulifuata moja tu kwa dakika nzima bila kulipoteza, hicho ndo kipimo changu pendwa na zipo za elfu 60 zinakifaulu huku za bei ya juu zenye taa za gemu zinafeli. Kwaya ya sauti nne weka mwisho, usikie kama zile sauti za kiume, besi na tenor, ni watu au ni ukungu.

Kuna vipimo vitatu vya haraka ambavyo havihitaji sikio la kisanii. Kimoja, tafuta YouTube jaribio la kushoto na kulia, hakikisha herufi za kwenye vikombe zinasema ukweli. Cha pili, weka sauti ya mtu mmoja iliyorekodiwa mono, yaani kushoto na kulia inatoka ileile: inatakiwa ikae katikati kabisa ya kichwa. Ikiegemea upande, spika hazilingani, geuza hedifoni uivae kinyume, sauti ikihamia upande wa pili kosa ni la hedifoni, ikibaki palepale kosa ni la sikio lako au la jinsi ilivyokaa, au una nta. Na ikiwa sauti haina mahali, imetawanyika pande zote na besi imekonda, kuna spika moja imeunganishwa kinyume, chanya na hasi zimegeuzwa, hiyo rudisha hapohapo. Cha tatu, mlio unaopanda kutoka 20 Hz kwenda juu. Anza na volyumu NDOGO sana, mlio huu ukifika kwenye elfu tatu hivi unaweza kukuumiza. Huko chini sikiliza kama kuna kitu kinatetemeka au kugonga kama nyuzi ndani ya kikombe. Muziki unaficha kasoro hiyo, mlio haufichi.

Kelele za nje, za ndani, na maiki

Vaa bila muziki usimame karibu na barabara. Konda anaita vituo unamsikia kama alivyo au kapungua? Hedifoni iliyofungwa nyuma inapunguza sauti za juu, mngurumo wa injini unabaki palepale, hilo ni la kawaida. Zenye matundu nyuma, za wazi, sauti yake inapendeza ndani ya chumba tulivu ila kwa safari usinunue, na jirani kwenye siti atajua unasikiliza nini. Kujua inavujisha kiasi gani, weka muziki volyumu yako ya kawaida kisha zibanie vikombe viwili pamoja uso kwa uso uisogeze hatua moja.

Kuziba kuna faida ambayo haionekani: unasikiliza kwa volyumu ndogo zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidi dB 80 kwa saa 40 kwa wiki, mtoto dB 75 kwa muda huohuo, na kila dB 3 zinazoongezeka muda unakatwa nusu, kwa hiyo dB 83 ni saa 20, dB 90 inabaki saa nne tu za wiki nzima. Kama kwenye daladala hedifoni inakulazimisha uende karibu na mwisho ndo usikie, hiyo sio yako. Ila ukishuka kituoni iteremshe shingoni, bodaboda hawapigi honi mara mbili.

Maiki ni fupi: rekodi voisi noti ukiwa kwenye feni, tembea huku waya ukigusa shati, jisikilize. Ikieleweka, imepita. Usitegemee zaidi ya hapo kwa bei hii.

Dukani na wiki ya kwanza

Kariakoo au Luthuli Avenue kule Nairobi utakutana na majina makubwa kwa bei ndogo. Modeli kama MDR-7506 na ATH-M50x zimeigwa kiasi kwamba picha ya boksi haithibitishi kitu. Angalia maandishi ya upinde kama yamechapwa yakanyooka, kama herufi za kushoto na kulia zinasomeka, kama uzito ni wa kitu chenye bati au cha kopo la juisi, na kama urefu na aina ya waya ni ileile iliyotajwa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Bei ikiwa robo ya bei ya kwingine kote jibu unalo. Kati ya feki ya jina kubwa na chapa isiyojulikana iliyopita vipimo vyote hapo juu, chukua isiyojulikana, walau hiyo haijakudanganya jina lake. Mtumba wa orijino nao ni chaguo zuri sana, sponji zilizochakaa hazinitishi, waya mzima na spika zisizotetemeka ndo navyotafuta.

Risiti nyingi zimeandikwa bidhaa ikiuzwa hairudishwi, kwa hiyo panganeni mdomoni kabla ya kulipa, siku ngapi unaweza kuirudisha ikiwa na kasoro, na umwombe aandike kwa mkono kwenye risiti ya EFD. Hizo siku zitumie kweli. Vaa saa mbili mfululizo siku ya kwanza, saa za kawaida, sio za majaribio. Kizunguzungu, sikio jekundu, alama utosini inayouma ukigusa, hayo hayazoeleki sana, sponji inalainika kidogo tu na upinde unalegea kidogo tu. Sauti nayo, wasikuzuge kwamba inahitaji kupigishwa muziki saa mia ndo ifunguke, ikikuchosha siku ya nne itakuchosha mwezi wa nne.

Ukiamua kubaki nayo, waya usiuzungushie kwenye simu, ukunje kwa duara kubwa bila kukaza, na pini ichomoe kwa kushika pini. Futa sponji jasho kwa kitambaa kikavu ukimaliza. Na sponji zikiwa bado mpya, chukua rula pima urefu na upana wa kikombe kwa nje na kwa ndani kwa milimita, uandike kwenye simu, maana siku ya kuagiza sponji nyingine muuzaji atakuuliza hivyo vipimo, na zilizochakaa zinakuwa zimeshatanuka hazipimiki.